Ubeti wa Sitini na Mbili

Nimefika ukurasa wa mia mbili na kumi
na nimeanza kusoma kwa ubahili,
kurasa nne kwa siku, tano nikiwa nimeuza cherehani,
kama mtu aliyebakiwa na halua kidogo kwenye karatasi
anayelamba vidole kabla ya kumega.

Binti yangu Saumu ndiye aliyeiacha riwaya hii
juu ya kabati la vipuri, dukani, Barabara ya Nane.
"Baba, inahusu ule utenzi wenu," akasema,
akarudi chuoni.

Utenzi wetu!
Tuliukariri darasa la saba, hapahapa Tanga,
tukigonga mizani kwenye dawati,
nane, nane, nane, nane,
na kila ubeti ukifunga kwa *ni*
kama mlango unaojua komeo lake.
Isipokuwa wa sitini na mbili:

     Shujaa akaondoka
     na ngao akaishika
     mkuki akautweka
     mlangoni pana chumvi.

Chumvi. Katikati ya vita, chumvi!
Niliinua mkono nikauliza imeingiaje.
Mwalimu Semhando hakupenda maswali kabla ya uji.
"Kosa la mnakili," akasema, "aliandika akisinzia.
Kateni. Wekeni *mlangoni pa nyumbani*."
Tukakata, madaftari arobaini na matatu,
kwa rula.

Sasa huyu mwandishi, nisiyemjua hata kwa sura,
ameniketisha Tongoni ya zamani
ukumbini mwa nyumba ya udongo na chokaa
ambamo Mwinyi Haji, kipofu, anatunga kwa mdomo
na dada yake Mwanakheri anaandika.
Yeye ndiye anayesaga masizi ya wino,
anayechonga kalamu ya mwanzi, anayejua
ni silabi zipi kaka yake huzimeza akichoka.
Asubuhi ya ubeti ule
mumewe ametoka bila kuaga.
Kaacha pakacha la chumvi kizingitini,
deni la mtu, au zawadi; kitabu hakisemi,
na hapo ndipo nilipompenda mwandishi.
Mvua inaanza. Kaka yumo vitani, anapanga farasi.
Dada anatazama pakacha likivuja maji meupe juu ya jiwe
na kalamu inaandika inachokiona.
Anaweza kufuta. Wino bado mbichi.
Hafuti.

Nilifunga kitabu nikainua macho.
Mteja alikuwa amesimama na bobini mkononi,
sijui tangu saa ngapi.

Ni uongo, najua.
Aliyeshika kalamu siku ile hakuacha jina.
Tena mwandishi kateleza: sura ya sita kaweka kiberiti
enzi ambazo watu waliazima moto kwa jirani.
Nimemsamehe. Hata gauni la harusi
huwa na uzi mmoja uliozubaa.

Jana usiku umeme ulikatika.
Nikavuta sanduku chini ya kitanda, tochi ya simu mdomoni.
Zawena akauliza kama natafuta hati ya kiwanja.
"Natafuta chumvi."
"Ipo jikoni," akasema, "kwenye kopo la majani ya chai,"
akageukia ukutani.
Daftari nililikuta, mende wamelila pembe.
Mstari wangu wa rula umenyooka, nilikuwa na mkono mzuri,
lakini neno lenyewe halikufa:
silabi yake ya mwisho, *mvi*, inachungulia
kama hizi ninazozikuta kila asubuhi kwenye kioo.
Nikajaribu kufuta ule mstari kwa kidole na mate.
Karatasi ikaanza kuchanika, nikaacha.

Jumapili nitakwenda Chumbageni kwa Mwalimu Semhando.
Macho yamemwacha, masikio bado makali.
Nitamsomea sura ile polepole,
bila kumwambia mapema inakokwenda.
Najua atakachosema. Atasema mnakili alisinzia.
Nitasema ndiyo, mwalimu,
nitalowesha kidole,
nitafunua ukurasa unaofuata.