Upande wa Mishono

Miaka ishirini na sita nilishona kola.
Si shati: kola. Shati zima lilikuwa la wengine.
Kiwanda kilipofungwa hapa Łódź, mwezi Machi, theluji imegeuka tope,
kila mmoja alipewa bahasha na mkasi wake.
Mkasi ninao. Bahasha iliisha Juni.

Mpwa wangu Gniewko aliniachia kompyuta yake kuukuu,
herufi L imebanduka, feni inakoroma kama mlevi.
"Shangazi, cheza karata." Nilicheza. Nilichoka.
Usiku mmoja kidole kikateleza nisikokujua,
ukurasa wa duka la viatu ukajipindua mbele yangu
nikaona ndani yake.

Jamani, mishono!

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa fundi Otylia aliniambia:
usiisifu nguo kabla hujaigeuza.
Nje hudanganya, ndani husema.
Sikujua kwamba mtandao nao una upande wa ndani,
una mapindo, una nyuzi zinazoning'inia,
una mahali ambapo fundi alichoka akashikiza kwa pini
akaenda kulala.

Nikaanza. Bila mwalimu, bila cheti,
nyuma ya daftari la hesabu za gesi.
Kila alama uliyoifungua, uifunge:
hilo mikono yangu ililijua kabla yangu.
Lakini nukta-mkato!
Siku tatu nilitafuta kwa nini rangi ya samawati inakataa,
siku tatu, kwa kidoa kidogo kuliko tundu la sindano.
Nililia. Nikaunguza supu ya bitiruti.
Katika lugha hii hakuna wa kukwambia "hapohapo, inatosha".

Kifungo changu cha kwanza hakikufunga wala hakikufungua kitu.
Ukikibonyeza kilibadilika rangi tu,
kama mtu aliyetukanwa.

Kisha Bwana Zdzisław Wrona, ghorofa ya chini,
fundi wa kodiani, akataka ukurasa.
Malipo: mayai thelathini, na bawaba ya kabati langu.
Nikamkatia kwa vipimo kamili, pikseli mia tisa na sitini,
kama kola.
Kwenye kompyuta yangu ulikaa.
Kwenye simu yake ukamwaga nusu ya maneno nje,
tumbo limeshinda shati.
"Fundi wa kod," alisoma. "Kod nini?"
Kumbe nilimshonea sanamu wa dirishani,
na watu wana miili.

Hakunicheka. Alikuwa na kodiani mapajani,
anasikiliza inapovuja pumzi.
Akaivuta, mvukuto ukapanuka mikono ikanyooka;
akaisukuma, ukalala.
Mikunjo ileile. Hakuna hata mmoja uliobaki nje.
"Rudia," nikamwambia.
Akarudia, akidhani napenda sauti.

Nilipanda ngazi mbilimbili na magoti yangu haya.
Nikazifumua pikseli zote, nikaweka asilimia,
hadi taa za tramu ya kwanza zikapita darini.

Sasa ukurasa upo. Si mzuri sana.
Picha ya tatu imekaa kombo,
na Gniewko amepiga simu toka Gdańsk kusema rangi zangu ni za sabuni.
Wamepatikana wawili: mama mmoja wa Kutno
mwenye kodiani ya marehemu baba yake,
na mwingine aliyekosea namba
lakini akaongea na Bwana Wrona dakika ishirini.

Ila ukiugeuza, ukitazama ndani,
chini ya mstari wa arobaini na moja,
ipo sentensi niliyoizungushia alama ili mashine iiruke,
kama tulivyoandika kwa chaki ndani ya kola
kabla ya kuzifunika:
Hapa nilikosea, nikafumua. Bogumiła.

Mashine huiruka kila siku.