Unyoya Mmoja

Mkasi huu nimekatia vitenge vya harusi,
magauni ya komunio, sanda mbili,
suruali za walimu wanaolipa kwa ahadi.
Haujawahi kukata kitu kinachonitazama.

Meneja yuko juu ya cherehani,
kasuku wa kijivu, mkia mwekundu kama pilipili iliyoiva.
Mugisho alimleta kutoka Shabunda ndani ya kikapu cha ndizi,
akasema, dada, huyu atamchangamsha Mama.
Na kweli, Mama alipokuwa kitandani hakuruka hata mara moja.
Alikaa miguuni pake kama karani.
Tumezika, tumerudi, na mabawa yakafunguka.

Jumanne alitua ukingoni mwa sufuria ya maharagwe,
mbabula ikiwaka chini, mvuke ukimfika shingoni.
Alhamisi nilisahau mlango. Akatoka,
akakaa juu ya bati la Nsimire,
na mwewe wawili, wale wanaozunguka ziwani
wakisubiri matumbo ya samaki,
wakateremka kuangalia ni kitu gani.
Nilipanda ngazi ya fundi bila viatu,
nusu ya Kadutu ikisimama kunitazama.

Nsimire anasema: kata.
Haumii, ni kama kucha.
Yataota tena, nawe utakata tena, shida iko wapi?
Mtoto wake, Asifiwe, hasemi neno.
Anamkuna Meneja kichwani kwa kidole kimoja,
ananitazama kama mteja ambaye nguo yake haijaisha.

Mimi nakumbuka utepe.
Nyumba yetu ya zamani ilining'inia juu ya korongo;
mvua ikinyesha, udongo ulitembea.
Mama alinifunga kiunoni kwa utepe wa kitenge,
ncha ya pili kwenye mguu wa kitanda,
ndipo akaenda sokoni kuuza sombe.
Nililia mpaka nikalala. Nilijikojolea.
Mtoto wa jirani, ambaye hakufungwa,
walimwokota chini, kijitoni.
Kwa hiyo msiniambie kwamba kufunga si kupenda.
Wala msiniambie ni kupenda tu:
mpaka leo siwezi kuvaa mkanda.

Jumapili, kwaya za asubuhi zikipanda mlima,
nikamviringisha Meneja ndani ya taulo.
Bawa alilinyoosha mwenyewe,
kama mtu anayenyoosha mkono nimpime.
Manyoya marefu kumi. Nilihesabu mara mbili.
Kila mmoja una mstari katikati ulionyooka
kuliko mshono wowote niliowahi kupiga.

Nikakata mmoja.

Sikutegemea kwamba ungetoa sauti.
Ilikuwa kavu, fupi,
kama uzi wa mwisho wa kifungo.
Meneja hakulia. Akasema,
kwa sauti ya Mama,
ile ile yenye kikohozi mwishoni:
Funga mlango.

Nikaweka mkasi chini. Nikaenda, nikafunga mlango.
Nikarudi, nikakaa. Mkasi ulikuwa palepale.

Jioni nilikata chandarua kuukuu vipande viwili,
kimoja dirishani, kingine mlangoni.
Nikatafuta kifuniko cha sufuria
kilichopotea tangu siku za msiba;
kilikuwa chini ya kitanda chake.
Nsimire amepita, amecheka:
kwa ajili ya kasuku umefungia nyumba nzima?
Sikuwa na jibu. Upepo wa ziwa sasa
unanifikia kupitia matundu madogo madogo,
na huenda kesho kutwa mtu akauacha wazi,
na mwewe wale hawajahama.

Anaruka kutoka cherehani hadi kabatini,
akipinda kidogo kushoto, upande wenye pengo,
kisha anajirekebisha.
Unyoya nimeuweka kwenye kopo la sindano.
Mkasi nimeunoa. Asubuhi nina gauni la Cibalonza,
la bluu, mikono mipana,
na ameniambia nisibane kwapani.