Chini ya Kikalio

Usikiulize kiti kwa uso wake.
Uso umepigwa vanishi mara tatu,
mara ya mwisho na mimi mwenyewe.
Kipindue,
kilaze miguu juu kama mbuzi anayengoja kisu,
kisha nipe tochi.

Bwana Njogu kakitoa kwenye hoteli iliyofungwa,
ile ya mivinje, ambayo bwawa lake sasa linafuga vyura.
Anasema: Denmaki, mwaka hamsini na sita.
Lebo anayo, imebandikwa chini ya kikalio,
na mnunuzi wa Nairobi keshatuma nusu ya pesa.
Kwangu anataka sahihi tu.

Mimi huanza kwa pua.
Msaji hunukia ngozi mbichi. Huu haunukii.
Nakwangua kwa wembe pasipoonekana,
vumbi la kahawia linaruka,
napiga chafya mbili, ya tatu inakwama.
Mvule. Toka ujana wangu mti huu haunipendi.

Parafujo ni za Uingereza, hazinipi kitu:
miaka ile hata jeneza la Malindi
lilikazwa kwa parafujo za Uingereza.
Lakini ulimi wa mguu wa nyuma
umechongwa kwa mkono,
na makovu ya patasi yamelalia upande usio wao.
Naigiza kwa mkono wa kulia, haiwezekani.
Nahamishia kushoto: inakaa.
Aliyekitengeneza alikuwa wa shoto.

Sasa lebo.
Gundi yake nyeupe, ya chupa, ya juzi.
Naisogezea mdomo wa birika linalochemka,
inajikunja yenyewe, kama ina haya.
Bwana Njogu anapekua simu isiyolia.

Chini yake, penseli:

*Ngumbao. Cha 4 katika 6.
Mistri kalipa 2.*

Basi. Hakuandika mwaka.
Hakuandika Malindi; nani huandika alipo?
Kaandika anachodai.

Mistri nimemsikia: duka lake lilikuwa nyuma ya soko,
katalogi za Ulaya zikining'inia kwenye kamba
kama nguzi wa kukaushwa.
Ngumbao simjui.
Ukienda Ganda ukaliita jina hilo
wataitika watano, na mtoto mmoja.

"Piga msasa," Bwana Njogu ananong'ona,
ingawa tuko wawili tu na birika.
"Kwa jina hilo nitapata robo."

Nachukua karatasi yake ya uthibitisho, naandika:
*Mti: mvule. Mji: Malindi.
Fundi: Ngumbao, wa shoto.
Cha nne. Hakijalipwa.*

Anaisoma. Anaisoma tena.
Nangoja matusi, nimeyazoea.
Anainama hadi goti linamgusa sakafu,
anaweka kidole kwenye ile penseli:
"Na umejuaje kwamba hiki
si kimoja cha vile viwili?"

Kweli.
Miaka thelathini nageuza viti,
na swali kanizidi mchuuzi.

Narudisha karatasi mezani.
Mbele ya *hakijalipwa*
naongeza *huenda*,
kisha natia sahihi.