Utepe Mmoja, Mabizimu Sita

Mikindani, juu ya meza ya kuparia samaki,
nimeilaza mikanda miwili ya kubebea mtungi,
kifua juu, kama watu waliochoka kunisubiri.

Huu wa kwanza ni utepe mmoja tu, mweusi.
Umepenya bati la mgongoni, ukapanda bega,
ukashuka kwapani, ukarudi, ukavuka kiuno,
ukaishia kwenye bizimu moja la chuma.
Hauna cha kulegeza. Hauna cha kukaza.
Likwena, fundi wa maturubai, ndiye aliyeukata
miaka tisa iliyopita, nimesimama dukani kwake
na nguo ya mpira mwilini, jasho tiriri,
wateja wakiulizana huyu mama kavaa tairi la nini.
Alichoma ncha kwa kibiriti zisifumuke;
harufu ile ya nailoni bado naijua.
Kisha akapitisha kiganja kati ya utepe na kifua changu:
"Kikiingia bila hodi, umekutosha."

Huu wa pili ulikuja na mradi, ndani ya boksi.
Mabizimu sita ya plastiki yanayolia ta, ta,
sponji mabegani, ncha za kuvuta ukiwa majini.
Unamtosha Chikawe mwenye mbavu za kuhesabika,
unamtosha bwana wa hifadhi na kitambi chake.
Julai maji yakipoa, nguo ikiwa nene, unaongeza;
Januari unapunguza.
Nami nilikuwa nikiucheka.
Nguo ya kuazima, nikasema, haisitiri.
Kila bizimu ni mahali pa kuvunjika, nikasema,
na kule Ruvula, mita ishirini na mbili chini,
ambako matumbawe yanakatika ghafla kama ukingo wa paa
na mkondo unakusukuma usikokwenda,
hakuna duka la vipuri.

Nilisema sana. Wanafunzi waliandika.

Machi nikaanguka. Si baharini, la.
Bafuni, kwenye povu la sabuni, ndoo mkononi.
Bega la kushoto likatoka, likarudishwa,
likarudi na masharti yake.
Sasa mkono haupandi kupita sikio.
Kufunga kilemba namwita mwanangu.

Na utepe mmoja huvuliwa kwa bega.
Kuingia unaingia kama shati lililolowa;
kutoka, sharti mkono mmoja urudi nyuma,
kiwiko kijikunje, bega liteleze.
Wiki iliyopita, Msimbati, ubavuni mwa boti,
nilinasa. Maji yalikuwa ya kiunoni, hapakuwa na hatari.
Nilinasa tu, mtungi mgongoni kama konokono,
na Chikawe akasimama akitazama mbali,
upande wa mitambo ya gesi, kwa adabu,
mpaka nilipomwita.

Adabu yake ndiyo iliyoniuma.

Basi leo asubuhi nimeujaribu wa mabizimu.
Nimebonyeza, ukafunguka, ukaanguka sakafuni wote
kabla bega halijajua kama kuna jambo.
Nikauokota. Nikabonyeza tena.
Nikafanya hivyo mara nane, peke yangu, mlango nimeufunga.
Lakini mgongoni unachezacheza,
mtungi unaegemea kulia kama mlevi anayekusimulia siri,
na miaka tisa siyo kitu cha kutupa kapuni.

Nikaukunja ule wa zamani, nikaenda kwa Likwena.
Nikamwambia: bizimu moja, bega la kushoto. La chuma.
Akaacha mashine. "Si wewe uliyesema
kila bizimu ni mahali pa kuvunjika?"
Ni mimi, nikasema.
Na mahali pa kutokea pia.

Hakunijibu. Alinivika palepale, juu ya dera,
wateja wakitazama, korosho zikinukia nje,
akapima bega lile, akapima lililopona,
akapitisha kiganja kati ya utepe na kifua.
Kiganja kikabisha hodi.
Kikabisha tena.
"Umenenepa," akasema,
akachukua chaki.