Mlango wa Samawati

Dakika tatu na sekunde ishirini
vijiti vyangu viko magotini.
Hiyo ndiyo kazi yangu katika wimbo uliotupa jina:
kungoja.

Sisi tulikuwa watu wa kelele.
Bondeni, nyuma ya kinu cha Mzee Wekhuyo,
tulipiga metali nzito hadi unga ukadondoka darini,
gitaa likikwaruza kama msumeno kwenye bati,
Tindi akinguruma maneno
ambayo hata yeye hakuyasikia.
Mashabiki kumi na wanane. Niliwahesabu.
Mpiga ngoma huhesabu kila kitu.

Kisha usiku mmoja stima ikapotea.
Spika zikakata roho,
na gizani nikamsikia Sirma, fundi wa kuchomelea,
mtu wa maneno machache kama risiti,
akilipapasa gitaa kavu la kwaya lililosahauliwa pembeni.
Nyuzi tano. Wa sita ulikatika Pasaka.
Akapiga polepole,
kama mtu anayepanda ngazi na mtoto aliyelala begani.

Hakuna aliyeuliza. Tulijua.
Mwaka ule ziwa lilihama bila kuaga,
likavuka ua wa mbuga, likaingia Mwariki,
likaketi sebuleni kwa mama yake:
kifundoni, magotini, dirishani.
Sirma aliokoa godoro, picha, kuku wawili.
Mlango aliuacha.
Mlango wa chuma, aliouunda mwenyewe
kwa ujira wake wa kwanza,
na maua mawili ya nondo juu ya kitasa.
Uko wima hadi leo, majini,
na kufuli yake,
unawalinda perege.

Tindi alikataa. "Hii ni bembea ya mtoto," alisema.
Kesho yake akaja na beti tatu
na macho mekundu, akasingizia vumbi.
Tukarekodi saa nane za usiku, kinu kimelala.
Nikaambiwa: Nyakio, usiguse kitu
mpaka maji yafike kwenye kitasa.
Ndipo naingia. Ngoma zote, matoazi yote,
gitaa limerudishiwa umeme na hasira yake,
na Tindi anapaa na sauti
ambayo miaka sita ya kunguruma ilikuwa imeificha.

Mengine mnayajua.
Njoro walikesha nao. Molo wakaudai mara tatu.
Ukawa mlio wa simu wa karani wa benki.
Maharusi wakaanza kukatia keki,
wakidhani mlango ni mwanamke.
Kinyozi mmoja wa Section 58 alinishika mkono:
wimbo wenu umenirudishia mke.
Sikumwambia ni nyumba.
Wale kumi na wanane wakatuita wasaliti,
lakini nyuma ya ukumbi, katika giza,
niliziona simu kumi na nane zikiwaka,
zikiyumba.

Mama Kobilo hakuwahi kuusikia mzima
hadi arusi ya mpwa wake, kule Rongai.
Alikaa hemani, sahani ya pilau mapajani,
akatafuna hadi mwisho.
Nilikuwa nikimtazama muda wote.
Nilikuwa na dakika tatu na sekunde ishirini za kumtazama.

Tuliposhuka, Sirma akasimama mbele yake
kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

"Ni mzuri," akasema. "Lakini mlango ulikuwa wa kijani."

"Samawati inakubaliana na *wakati*, Mama. Ni vina tu."

"Ulikuwa wa kijani. Rangi niliikopa mimi,
kwa Gathoni wa duka la simenti.
Mpaka leo ananidai mia mbili."

Akaomba soda.

Tangu siku hiyo Sirma humlipa Gathoni kila mwezi,
na Gathoni kila mwezi humrudishia,
akisema deni lile ni la mtu mwingine.
Beti hatukuzibadilisha. Watu wamezizoea.
Ila mimi, nikiwa nimekaa na vijiti vyangu magotini,
Tindi akifika pale, na ukumbi mzima ukiimba *samawati*,
mimi husema, kwa sauti isiyofika kwenye kipaza:
kijani.

Kisha naingia.