Utenzi wa Mbuzi Juu ya Jiwe

Kabula, lete kalamu,
hadithi hii ni tamu,
haikumwagika damu,
ila maji ya ndooni.

Karatasi si balaa:
ipo ile ya dagaa,
wadeni wanaokaa
mwezi hawaonekani.

Mwanza, Mabatini: mawe!
Chini jiwe, juu jiwe,
hata ungekuwa mwewe
ungetua mashakani.

Jirani nina watatu,
walotoka jeshi letu,
kila siku ni viatu
kung'arisha barazani.

Luhende wa nchi kavu,
ni koplo mwenye makovu,
moja lipo kwenye mbavu,
la baiskeli njiani.

Wa pili, mtu wa maji,
Magesa, tena msemaji,
yeye hata kwenye uji
aona mawimbi ndani.

Shigela, huyo wa anga,
parafujo alifunga,
lakini ukimpinga
hujitangaza rubani.

Luhende huwaambia:
"Ninyi mlihudumia,
sisi tukapigania
kwa matumbo, mavumbini!"

Magesa hujibu: "Nyoka
kwa tumbo anazunguka,
cheo gani alishika?
Yuko wapi gwarideni?"

Shigela hucheka: "Khaa!
Kutoka juu, dagaa!
Ndivyo mlivyozagaa,
mmelazwa mchangani."

Basi Jumamosi moja
mbuzi wangu, ni kioja,
kala kamba, hakungoja,
yuko juu kileleni.

Jiwe refu kama nyumba,
na mgongo kama mamba,
mbuzi naye akatamba
kama mbunge jukwaani.

Nikapiga yowe: "Mama!
Sikitu wangu, mnyama
mwenye mimba, amekwama!
Njooni mbio, jamani!"

Watatu wakanipita:
"Sasa hivi ndivyo vita!"
Kila mtu akaita
wenzake waje mezani.

Luhende akachukua
boksi, akalipasua,
kwa mkaa kachafua,
akaliita ramani.

"Adui yuko kaskazi,
tuzingire wazi wazi,
siku saba, huyu mbuzi
ataomba tu amani."

Magesa: "Hili ni fundo
tulifunga meli kando,
hata katika kishindo
cha dhoruba ya ziwani!"

Akairusha kwa nguvu,
ikazunguka kwa wivu,
ikabana zile mbavu
za baiskeli njiani.

Shigela kasema: "Juu!
Lete shuka ile kuu,
nishuke bila makuu
toka paa la jirani!"

Shuka yangu ya harusi!
Akaivaa upesi,
akaruka kwa wepesi,
katua mle ndooni.

Maji yote yamwagika,
usiku niloyateka;
Shigela akaitika:
"Nimetua salimini!"

Sikitu anatafuna
jani, chini anaona
wazee wanagombana
nani mkubwa ni nani.

Mara wewe ukatupa
maganda ya ndizi hapa,
Sikitu mwendo kachapa,
hatua tatu, yu chini.

Nyuma pana njia wazi,
hupita muuza ndizi,
lakini kwao wajuzi
haimo kwenye ramani!

Ramani akaikuta,
akanusa, akavuta,
mkaa kama mafuta,
ikaishia tumboni.

Jioni wote ripoti
wakatoa kwa sauti,
chai moto na chapati
zangu, ziko mikononi.

"Alizingirwa, kashuka."
"Ni ile kamba, kashtuka."
"Wapi! Aliona shuka
ikipepea angani!"

Hapo kapita mgambo,
Lusasi, na yake fimbo,
kauliza: "Vipi mambo?
Mlizama, ama nini?"

Wote wakawa mmoja:
"Mgambo! Ngoja, we ngoja!
Vita gani ulikuja,
zaidi ya vya sokoni?"

Wakampeleka mbio,
hatua zenye mlio
kama wa jeshi lilio
moja tangu utotoni.

Juzi, wakati wa kucha,
Sikitu kazaa pacha,
wazee hawajaacha
kuzozana uwanjani:

watoto hawa wawili,
majeshi matatu, kweli,
lipi litafute mbali
somo wake duniani?

Kabula, funga kitabu.
Deni la shuka, hesabu,
gawa kwa tatu; jawabu
wabandike mlangoni.