Kilimia cha Ganjoni

Shangazi Swafiya, miaka thelathini na mmoja,
alipitisha magari ya watu Kilindini.
Aliijua harufu yao yakishuka melini:
plastiki yenye joto, chumvi,
na kitu kama chai isiyotiwa sukari.
Vioo vimeandikwa namba kwa chaki ya manjano.
Yeye hugonga muhuri, kisha hurudi kwake kwa miguu.

Alipostaafu alinunua lake.
Kijani, umri miaka saba,
bado mwaka mmoja serikali ilikatae.
Wajuzi wa baraza wakamshika masikio:
"Chukua Toyota, Bibi. Spea zake utazipata hata kwa muuza mchele."
"Mchele nnao," akasema. "Nataka lile lenye nyota."

Asubuhi ya kwanza, alipozungusha ufunguo,
sauti ya mwanamke ilisema jambo kwa Kijapani,
laini, kama mtu anayeomba radhi.
Shangazi akaitikia, "Waalaikumu salamu,"
na tangu siku hiyo hawajakosana.
Redio ilikomea tisini,
papo hapo zinapoanzia stesheni zetu,
basi ikawa yavuma tu.

Mwakio, fundi wa Shimanzi, ndiye aliyenieleza,
sauti ikitokea chini ya gari:
"Hawa zamani waliunda ndege za vita.
Vita vikawaangukia. Wakaambiwa, kuruka marufuku.
Kiwanda kikakatwa vipande kama papa sokoni.
Wakabaki na magurudumu madogo ya mikia ya ndege.
Wakayatazama, wee, wakayatazama,
wakayatia kwenye skuta.
Nipe spana ya kumi na nne.
Aliyenyimwa mbingu atafanyaje, si atembee?
Baadaye vipande vitano vikarudiana, vikazaa cha sita,
na mkuu wao, jina kila aletewalo halimridhi,
akatafuta juu."

Subaru.
Kwao ni kile kishada cha nyota.
Sisi twakiita Kilimia,
kwa kuwa waliokiona walishika jembe.
Kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua.
Jina la kitu kimoja, lugha mbili zisizojuana,
na kati yao maji mengi
na muhuri wa shangazi yangu.

"Sikiza," Mwakio akawasha.
Injini nyingine hupiga juu na chini, mchi na kinu.
Hii pistoni zake zimelala, mbili huku, mbili kule,
zinarushiana ngumi zisizofika,
ndiyo maana inakoroma vile,
kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema kweli.
Kuvuta kwa miguu yote minne, akasema,
kulianza kwa watu wa umeme wa kaskazini,
waliotaka gari la kupandia theluji.
Theluji hatuna.
Tuna Mwembe Tayari mwezi wa tano,
maji magotini, saluni za watu zimezima,
na bibi mwenye buibui akipita polepole, dirisha wazi.

Sisemi halina ila.
Hunywa mafuta kama mgonjwa wa sukari anywavyo maji.
Mwaka wa pili gasketi ilikufa,
ikaenda na pesa za Umra.
Nilimwambia auze.
Alinitazama kana kwamba nimesema auze jicho.

Darajani Nyali vijana wenye mabomba ya makelele
humwashia taa wakiiona ile chapa.
Naye huwarudishia, mara mbili.
"Watoto wa nani hawa?" namuuliza.
"Sijui," asema. "Wetu."

Usiku mmoja, tumeegesha, nilizihesabu nyota za chapa.
Kubwa moja, ndogo tano.
"Shangazi, Kilimia chetu ni saba.
Moja wameipeleka wapi?"
Akafungua mlango, akazungusha ufunguo nusu.
Yule mwanamke akaomba radhi zake.
Kwa ukucha wenye hina, shangazi akagusa dashibodi,
ile taa ndogo ya njano ya injini
ambayo Mwakio ameshindwa kuizima mwaka mzima.
"Hini hapa," akasema.
"Wala haizami."